Mwanangu, Usinunue Msumeno Ulio Mkubwa Kuliko Shamba Lako

Swali lako nimelipata. Kile kimsumeno chako cha moto kimekuchosha, mikaratusi aliyoipanda marehemu baba yako imenenepa, na ule mruka ulioangushwa na masika bado umelala kando ya migomba. Sasa umeshuka mjini, umeona chenso kubwa dukani, na moyo umekwenda mbio. Unataka nikuambie kama uchukue mkopo wa SACCOS ukainunue.

Jibu langu la haraka ni hili: nunua mkubwa zaidi ya huo ulio nao, lakini usinunue ule ulioutamani. Jibu langu refu linataka ukae chini, kwa sababu anayeuliza habari za msumeno anauliza pia habari za miti yake, fedha yake na viungo vyake, hata kama hajui.

Usidhani nazungumza hivi kwa sababu wazee hatupendi mashine. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo, na sisi tuliujua ukweli huo migongoni. Mbao za nyumba nyingi za zamani huku Meru zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili juu ya shimo, mmoja amesimama juu ya gogo, mwenzake yuko chini shimoni anameza unga wa mbao. Aliyeifanya kazi ile hawezi kumwambia kijana arudi kwenye shoka. Mashine ni neema. Ninachokukataza ni kununua neema isiyokuenea.

Anza na jambo lisilogharimu kitu. Kabla ya kuulaumu msumeno wako kwa udogo, hakikisha tatizo si ubutu. Angalia msumeno unatoa nini wakati wa kukata. Mnyororo mkali hutoa maranda, vipande vinavyoshikika kwa vidole. Mnyororo butu hutoa unga, nawe unaanza kuukandamiza kwa mikono, injini inapata moto, bapa linalobeba mnyororo linaungua na mkato unapinda upande mmoja. Ukifika hapo, hata ungepewa injini ya ukubwa maradufu, kazi ingekuwa ileile, ila kelele zingeongezeka. Huku kwetu mnyororo hupoteza makali upesi kwa sababu ardhi yetu ni ya majivu ya volkano. Vumbi hujaa kwenye maganda ya miti, na anayekata upande wa Oldonyosambu au Ngarenanyuki analijua zaidi. Piga brashi kwenye gogo kabla ya kukata, wala usiuache mnyororo uguse udongo hata kidogo.

Kwa hiyo nunua tupa ya duara. Msumeno mdogo kama wako hutumia tupa ya milimita 4.0. Ukihamia mnyororo wa 0.325 utahitaji tupa ya 4.8, na ule wa inchi 3/8 wa kawaida unataka ya 5.2. Pembe ya kunolea ni karibu digrii 30, na fundi akishakuonyesha mara moja, mkono utakumbuka. Noa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kila jino lipate idadi ileile ya mapigo, maana upande ukizidi upande msumeno utakata kwa kupinda. Fanya hivyo kila unapomaliza tangi moja au mawili ya mafuta. Baada ya hapo ndipo uupime msumeno wako kwa haki. Ikiwa mnyororo ni mkali, chujio la hewa ni safi, plagi ni nzima, na bado mashine inakata pumzi kila inapoingia kwenye shina la mkaratusi, na bapa linafichika lote ndani ya mti, basi ni kweli umeuzidi. Hapo tuzungumze ukubwa.

Misumeno hii hupimwa kwanza kwa ujazo wa injini. Mdogo wa nyumbani una kama cc 30, nguvu yake ni kilowati moja na ushee, uzito kilo nne hivi. Huo umetengenezwa kwa kupogoa na kukata fito. Kundi la kati linaanzia cc 45 hadi 60. Stihl MS 250, kwa mfano, ina cc 45.4, inatoa kilowati 2.3 na ina uzito wa kilo 4.6 bila bapa. Kundi la wakataji wa magogo linaanzia cc 65 kwenda juu: MS 381 ina cc 72.2, kilowati 3.9 na kilo 6.6, na Husqvarna 272, ambayo wapasua mbao wa Afrika Mashariki wanaijua sana, ina ujazo huohuo wa cc 72. Kisha kuna lile jitu, Stihl 070, lenye karibu cc 106 na uzito unaozidi kilo kumi hata kabla hujalifunga bapa wala kulitia mafuta. Hilo ndilo wapasuaji hulitumia kutoa mbao msituni. Mengi ya matoleo yake hayana hata breki ya mnyororo. Nadhani ndilo ulilolishika pale dukani ukalipenda, maana vijana wote hulipenda.

Sasa weka na mlima wetu kwenye hesabu. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya mlimani, kama Ilkiding'a na Olkokola, viko juu zaidi. Huku hewa ni nyepesi, na injini ya namna hii hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mashine ya cc 50 ikifika kwenye kihamba chako, yaani shamba lako la urithi, itafanya kazi kama ya cc 42. Ndiyo sababu nakubali uongeze ukubwa kuliko mtu wa Tanga anayekata miti ya unene uleule. Vilevile, msumeno uliorekebishwa kabureta Dar es Salaam ukiletwa huku utapata petroli nyingi kuliko hewa. Utatoa moshi, utakuwa mzito, plagi itakuwa nyeusi, nawe utasema umeuziwa kimeo. Fundi wa hapahapa anaweza kukaza skrubu ya mafuta kidogo ukakaa sawa. Lakini kumbuka kinyume chake: uliorekebishwa Meru, ukamwazima shemeji yako wa Pangani bila kurudishwa, utapata hewa nyingi na mafuta kidogo, na pistoni itakwama ndani ya silinda kabla ya siku kuisha.

Tukija kwenye bapa, vijana hudhani refu ndilo bora. Bapa la sentimita 45, ambalo madukani huitwa la inchi 18, linaweza kukata shina la karibu sentimita 80 ukikata upande huu kisha ukazungukia ule. Niambie, katika shamba lako kuna miti mingapi inayozidi hapo? Mgrivea wa kwenye kahawa haufiki hapo. Mikaratusi ya baba yako bado. Ni ule mruka peke yake, na pengine mringaringa wa mpakani, ambao nitakueleza kwa nini hutaugusa. Bapa refu hula nguvu ya injini, ni zito mbele, hugusa udongo upande usiouona, na ncha yake iko mbali na macho yako. Kwenye ncha ndiko hatari inakolala, kama utakavyosikia.

Basi kwa kuni za nyumbani kwa mlima huu, shika injini ya cc 50 hadi 60 yenye bapa la sentimita 40 hadi 45. Kwa ule mruka, tafuta wapasuaji wenye mashine kubwa uwalipe kazi ya siku moja. Mti mmoja mkubwa katika miaka kumi ni sababu ya kukodi. Sababu ya kununua ni mti unaoukata kila wiki.

Najua utasema, "Mzee, mkubwa utafanya kazi zote, kubwa na ndogo." Ngoja nikuonyeshe kwa nini hesabu hiyo inakataa, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Nusu ekari yako ya mikaratusi ni hekta 0.2. Mikaratusi iliyotunzwa, penye mvua na udongo kama wetu, inaweza kuongeza mita za ujazo 20 hadi 30 kwa hekta kwa mwaka. Kwako ni mita 4 hadi 6. Wataalamu wa misitu wa nchi hii kwa muda mrefu wamekadiria kuni za nyumbani kuwa kama mita moja ya ujazo kwa mtu kwa mwaka. Nyumba yako ina watu watano. Yaani shamba lako linaota kuni zinazotosha nyumba yako, na ziada, kama ipo, ni ndogo mno. Msumeno wa saizi ya kati, mnyororo ukiwa mkali na mwenye kuushika akiwa hana haraka, utakata mavuno yote hayo ya mwaka kwa siku mbili. Siku zilizobaki utaning'inia ukutani.

Uliowekwa ukutani na umelipwa hauna shida. Uliowekwa ukutani na una deni huanza kusema. Marejesho ya SACCOS hayasubiri mikaratusi inenepe. Mwezi wa kwanza utakata ya kwako iliyokomaa. Mwezi wa tatu utakata isiyokomaa. Mwezi wa sita utaanza kuutazama mringaringa aliouacha babu yako, utasema umezeeka. Nimeona vihamba vikiwa vyeupe namna hiyo, na waliovifanya vyeupe hawakuwa wavivu wala walevi. Walikuwa vijana wenye bidii walionunua chombo kilichohitaji msitu, nao hawakuwa na msitu. Chombo kikubwa humtafutia mwenyewe kazi, na kazi hiyo huipata popote, hata pale ulipoapa hutakata.

Na ardhi yetu haina pa kuongezeka. Wazee wetu walibanwa kati ya msitu wa hifadhi huko juu na mashamba ya walowezi huku chini. Mwaka 1951 wakoloni waliwaondoa Wameru kutoka Ngarenanyuki kwa nguvu, na mwaka uliofuata msemaji wao, Kirilo Japhet, akaenda hadi Umoja wa Mataifa kule New York kuidai ardhi ile mbele ya dunia. Tangu siku hizo tumezaliana, na kila baba amegawa kihamba kwa wanawe. Kihamba ulichonacho ni kipande cha kipande. Pima kila chombo unachonunua kwa kipande hicho.

Labda umeshapiga hesabu ya biashara, kwamba utawauzia kuni shule na wapishi wakubwa. Hesabu hiyo iangalie upya. Serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Kuni hazitatoweka kesho asubuhi, mbege bado inachemshwa na nyama bado inachomwa. Lakini kuchukua deni la miaka kadhaa kwa kutegemea soko ambalo serikali imetangaza kulifunga ni kujitia kitanzi kwa kamba yako. Tena akina mama wakipata gesi na jiko banifu, hata hizo mita tano za nyumba yako zitapungua. Hapo utahitaji msumeno mdogo zaidi.

Ukishaamua saizi, angalia unaponunua. Misumeno mikubwa yenye majina maarufu huigwa sana, rangi ileile, maandishi yaleyale, na bei yake hukufanya ujione mjanja. Tafuta wakala anayetambulika, angalia namba iliyopigwa kwenye mwili wa mashine, dai risiti ya EFD na kitabu chake. Kisha uliza swali ambalo vijana hawaulizi: mnyororo, bapa, gia ya mnyororo, chujio na kamba ya kuwashia vinapatikana hapa Arusha? Nenda Unga Limited ukawaulize mafundi ni mashine gani wanaifungua na kuifunga kila siku. Shoka lisilo mpini halichanji kuni, na msumeno ambao plagi yake inaagizwa kwa basi kutoka Dar ni shoka la namna hiyo.

Habari za mafuta nitasema kwa kifupi, lakini zishike. Injini hizi hazina oili yake ndani, hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Kwa mashine nyingi za sasa na oili nzuri yenye alama ya 2T, kipimo ni moja kwa hamsini: lita moja ya petroli kwa mililita 20 za oili, lita tano kwa mililita 100. Soma kitabu cha mashine yako ukifuate. Usikadirie kwa jicho, wala usinunue petroli ya kwenye chupa za soda barabarani. Changanya ya kutosha kazi ya wiki chache tu, kwa sababu ikikaa huharibika. Na kwenye tangi la mnyororo usimwage oili chafu iliyotolewa kwenye gari, kama wengi wanavyofanya. Ina chembe za chuma zinazokula bapa na pampu, nayo hukurukia kwenye ngozi na kuingia puani kutwa nzima. Oili hiyo ina madhara kwa mwili, usiizoee.

Sasa mwili wako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika kazi hii methali hiyo haina fumbo. Mnyororo unaokimbia hupita kiasi cha mita 20 kwa sekunde moja. Haukupi muda wa kuondoa mguu, na mguu wa kushoto ndio huumia zaidi kwa sababu ndio ulio karibu na mkato. Fedha utakayookoa kwa kuliacha lile jitu la cc 106 inunulie suruali ya kinga, ile yenye nyuzi ndefu ndani zinazojisokota kwenye gia na kuusimamisha mnyororo. Ongeza kofia ngumu yenye wavu wa uso na vizibo vya masikio, glavu, na buti zenye chuma kidoleni. Ukiniambia fedha ya suruali haipo, nitakujibu kwamba fedha ya msumeno nayo haipo.

Jifunze robo ya juu ya ncha ya bapa. Sehemu hiyo ikigusa gogo jingine au tawi wakati mnyororo unakimbia, msumeno hurushwa juu na nyuma kuelekea uso wako kabla hujafumba jicho. Ndiyo maana nakataa bapa refu kwa mtu anayejifunza. Shika kwa mikono miwili, kidole gumba cha mkono wa kushoto kizunguke mpini wa mbele, usikate juu ya mabega, usipande nao ngazi wala mtini. Mgrivea unaupogolea kwa panga ukiwa umejifunga kamba, kama baba yako alivyofanya. Mnyororo ukizunguka wakati mashine iko kwenye sailensa, zima, upeleke kwa fundi. Usifanye kazi peke yako. Awepo mtu wa kusikia ukiita.

Unapoangusha mti, fukuza watoto na mbuzi mpaka umbali wa urefu wa mti mara mbili. Safisha njia yako ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari. Kata mdomo upande unaotaka uangukie, kina chake kiwe kama robo ya unene wa shina. Kata ya nyuma iwe juu kidogo ya mdomo, na ubakize ukanda wa mti usiokatwa katikati, kama sehemu moja ya kumi ya unene. Ukanda huo ndiyo bawaba inayouongoza mti. Ukiukata wote, umeuachia mti uamue mwenyewe. Tumia kabari ya mti au plastiki, ya chuma itakuvunjia meno ya mnyororo. Ukiwa karibu na waya za umeme, acha, waite TANESCO.

Na ule mruka ulioanguka ndio hatari kuliko uliosimama. Shina lililolala limevutwa upande mmoja na kubanwa upande mwingine. Anza kukata upande uliobanwa kidogo tu, kisha malizia upande uliovutwa, ukiwa umesimama pembeni. Bonge lake la mizizi lililoinuka linaweza kurudi shimoni ghafla pale shina litakapokatika, na watoto hupenda kucheza chini yake. Hiyo nayo ni sababu ya kuwaachia wenye uzoefu. Ukitaka kujifunza vizuri, huna haja ya kwenda mbali. Chuo cha Misitu Olmotonyi kiko hapo juu ya Ngaramtoni tangu mwaka 1937, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) nacho kina msitu wake wa mafunzo hukohuko. Nenda ukaombe kuelekezwa. Kuomba elimu hakumpunguzii mtu heshima.

Kuna na sheria. Mti ulio shambani kwako ni wako, lakini kuukata na kuusafirisha kuna taratibu chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Anza kwa mtendaji wa kijiji, kisha afisa misitu wa wilaya. Muulize pia masharti ya kumiliki na kutumia msumeno wa moto, mapema, kabla ya kununua. Kuni au mbao zikitoka kijijini kwa gari, ziwe na hati ya kusafirishia. Ndani ya mita 60 za mto au chemchemi usifanye kazi yoyote ya kuvuna, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imelinda eneo hilo, na maji ya mito ya Nduruma na Themi hulindwa na miti ya eneo hilo. Msitu wa hifadhi ulio juu yetu usiukaribie na mashine. Kukutwa nayo humo bila kibali kutakuweka matatani hata kama hujakata kijiti. Na mti wa mpakani, ule wenye masale pembeni, si wa mtu mmoja. Kabla ya kuutia mnyororo muite jirani yako, na mkishindwana muiteni mshili, kiongozi wetu wa kimila. Mashine inaangusha kwa dakika tano mti ambao ugomvi wake utadumu vizazi viwili.

Mwisho, jua unachokata. Mkaratusi ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Ukate chini, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, mkato uwe wa mshazari maji yateleze, na ganda lisichanike, kwa hiyo mnyororo mkali. Vikichipua, acha viwili au vitatu vilivyo imara, ondoa vingine, na baada ya miaka sita hadi minane unavuna tena bila kupanda. Mgrivea hauchipui vizuri kwenye kisiki, lakini ukikatwa matawi na kilele hurudisha matawi kwa wingi, kwa hiyo vuna matawi, shina liache. Msipresi na msindano ukishaukata umeisha. Ukikata mmoja, miche yake iwe tayari imeshika ardhini. Mringaringa ni mti wa mbao, wa mizinga na wa kivuli cha kahawa, na anayeuchoma jikoni amechoma fenicha ya mjukuu wake. Kata mara masika yanapokwisha, vipande vya sentimita 35 au 40, upasue mkaratusi ungali mbichi maana ukikauka huwa mgumu kama jiwe, kisha upange kwenye uchaga penye upepo na paa juu. Kuni mbichi hutumia moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake. Zilizokaushwa kiangazi chote zinapika chakula kilekile kwa mzigo mdogo zaidi, na hiyo ni njia ya kuongeza kuni isiyohitaji msumeno wowote.

Kwa hiyo fanya hivi, kwa utaratibu huu. Noa ule ulio nao uupime tena. Hesabu miti yako kwa kuizunguka na kamba ya kupimia, uandike kwenye daftari ni mingapi inayozidi sentimita 40 za kipenyo, si za mzunguko. Nenda kwa afisa misitu. Kodi wapasuaji kwa ajili ya mruka. Ukiona bado unahitaji, nunua wa cc 50 hadi 60, bapa la sentimita 45, kwa fedha yako ya mavuno na bila mkopo, pamoja na suruali, kofia na tupa siku hiyohiyo. Kinachobaki kinunulie miche ya migrivea, uipande mvua za vuli.

Hayo ndiyo niliyonayo. Usilokubaliana nalo njoo tulizungumze kabla hujaweka saini SACCOS, maana baada ya saini ushauri wangu utakuwa wa kukupa pole tu. Mungu akupe nguvu na akuhifadhie mikono na miguu.